Maombi Marefu, Tambi Baridi

Jumatano ya wiki ya mwisho, Dada Opal alipiga simu kutoka Ohio kumwambia Verna Huckaby kwamba bango limekwisha kuchorwa.

"Tumelitundika mlangoni mwa ukumbi wa kanisa, mtu hawezi kwenda chooni bila kuliona," alisema Opal. "Limeandikwa: Jumapili hii, Dada Verna atoa ushuhuda. Roho Moja ya Italia. Na Mama Purdy ametia rangi ya kumetameta kwenye neno Roho."

Verna alikuwa amekaa kitandani, chumba cha juu katika nyumba ya Sinyora Ersilia, mji wa Roccamura, akihangaika kufunga zipu ya gauni alilokuja nalo mwanzoni mwa kiangazi. Zipu ilipanda mpaka kiunoni, ikagoma.

"Ya kumetameta?" aliuliza.

"Ya dhahabu. Na sisi kinamama bado tunafunga kila Jumatano. Leo sijatia kitu mdomoni, tumbo linanguruma mpaka paka ananikimbia. Lakini kwa ajili ya roho ile, dada yangu, tutavumilia. Niambie tu, amefikia wapi?"

"Yuko ukingoni," alisema Verna. Alishusha sauti, ingawa Sinyora alikuwa jikoni chini na hakujua neno hata moja la Kiingereza. "Jana mchana alitokwa na machozi. Mezani, katikati ya maombi."

"Utukufu kwa Mungu!" Opal alipiga yowe. "Usimwachie hapo, Verna. Msukume!"

Simu ilipokatika Verna alilivua lile gauni, akavaa sketi yenye kiuno cha mpira, ambayo haikumuuliza maswali.

Alikuwa na miaka hamsini na sita. Mchana alichambua vifurushi kwenye posta ya mji wao, na jioni, kwa miaka minane sasa, alikuwa akisoma chuo cha wilaya, darasa moja baada ya jingine, kama mtu anayejenga nyumba kwa matofali ya kuokota. Kiitaliano alikichukua kwa sababu darasa la Kifaransa lilijaa wakati yeye yuko kwenye mkesha wa maombi. Alisema ni mpango wa Mungu. Ukweli ni kwamba alichelewa kujiandikisha, lakini Verna alikuwa na kipaji cha kuona mpango wa Mungu mahali ambapo wengine waliona uzembe wake.

Halafu mwalimu akatangaza kwamba atakayekwenda Italia kwa wiki sita za kiangazi, na kufaulu mtihani wa mazungumzo kule, atakuwa amemaliza deni lote la masomo ya lugha kwa mkupuo mmoja. Verna aliomba juu ya jambo hilo, kanisa nalo likaomba. Siku ya kuagwa walimzunguka na kumwekea mikono kichwani, kama vile wanampeleka kwa watu wasiowahi kumsikia Yesu, kumbe anakwenda mji mdogo wa mlimani wenye makanisa kumi na moja, na lililo changa kuliko yote lilikuwa limezeeka kabla Ohio haijapewa jina. Na hapo, akiwa na mikono ya watu ishirini juu ya nywele zake alizotoka kuzitengeneza, mdomo wake ukafunguka wenyewe ukasema: "Sitarudi mikono mitupu. Nitarudi na ushuhuda wa roho moja."

Hakuna aliyemwomba. Ilimtoka tu, kama vile mtu anayeaga safari anavyojikuta amekubali kubebea wenzake mizigo.

Na kweli alianza kazi siku ya kwanza. Sinyora Ersilia alikuwa mjane wa miaka sabini na tisa, mfupi, mwenye mikono ya nguvu na sauti ya kupita ukuta. Wanawe walikuwa wanafanya kazi Ujerumani, ndiyo maana kila kiangazi alipokea mwanafunzi mmoja wa kukaa naye. Alipika yeye mwenyewe, na mlo ukiwa tayari alipiga kelele kutoka jikoni: "Mezani! Verna! Mezani, zinaiva!" kwa haraka ya mtu aliyeona moto darini. Verna alishuka. Akakuta sahani ya tambi inafuka moshi. Akaketi, akaunyakua mkono wa Sinyora, ule wa kulia, wa kushikia uma, akafumba macho, akaanza.

Verna hakuwa mtu wa maombi ya dakika moja. Alishukuru kwa chakula, kisha akapitia wagonjwa wa kanisani kwao mmoja mmoja, akaja kwenye serikali, akavuka kwenda kwa wamisionari, akarudi kwa mpwa wake Dewey aliyefanyiwa upasuaji wa goti, akaeleza goti lenyewe kwa kirefu, kana kwamba Mungu hajawahi kuliona. Kisha akamaliza na nyumba hii na mwenye nyumba hii, afunguliwe macho. Hapo sauti yake ilitetemeka na mkono wake ulibana.

Wiki ya kwanza Sinyora alivuta pumzi ndefu. Wiki ya pili alianza kuguna, "Mama wa Mungu, Mama wa Mungu," kwa sauti ya chini. Verna alifungua jicho moja, jambo ambalo aliwakataza watoto wa shule ya Jumapili, akamwona bibi yule ametazama sahani kwa huzuni nzito. Jioni hiyohiyo akamwandikia Opal: Roho anafanya kazi.

Wiki ya tatu ikaja ishara kubwa zaidi. Sinyora aliacha kupika rojo la nyanya, akaacha nyama, akaacha jibini. Mezani ukaja wali mweupe wenye tone la mafuta ya zeituni. Kesho yake viazi vya kuchemsha. Keshokutwa tambi tupu, nyeupe kama shuka la hospitali. Verna alitetemeka kwa furaha. Akaandika: Ameanza kujinyima. Hajui kwa nini, lakini moyo wake unajua.

Kujinyima huku kulimwachia Verna njaa, na njaa ilimpeleka kwenye uwanja wa katikati ya mji kila alasiri kula aiskrimu ya vijiko viwili, siku nyingine vitatu. Ndiyo siri ya zipu. Kinamama wa Ohio walifunga kwa ajili ya Sinyora, Sinyora akala wali mweupe, na mtumishi wa Mungu mwenyewe akanenepa.

Alhamisi alifanya mtihani. Profesa alimtaka aeleze nyumba anamoishi, naye akaeleza ngazi, jiko, dirisha, na paka wa jirani aliyekaa dirishani. Alisema paka huyo ni mtu mzuri. Profesa akacheka, akampa alama za kutosha. Miaka minane ya kulala saa chache ikaishia kwa paka, na Verna akatoka nje akashindwa kujua acheke au alie.

Uwanjani alimkuta Kinsey, msichana wa miaka ishirini waliyekuwa naye darasa moja. Kinsey alikuwa analia juu ya kikombe cha aiskrimu kwa sababu ya kijana aliyeitwa Fabrizio.

"Ameniambia tuwe marafiki tu, Mama Verna. Marafiki! Mimi ninao marafiki wa kutosha, mpaka wengine nawakwepa!"

"Pole, mwanangu. Tumwombee?"

"Hapana!" Kinsey alidakia upesi, kisha akaona haya. "Samahani. Ila wewe ukianza, aiskrimu itakuwa maji. Eti, tumbo lako linaendeleaje?"

"Tumbo langu?"

"Mwenyeji wangu ananiuliza kila siku. Muuza mikate pia."

Verna alitabasamu kwa upole wa mtu anayejua mila za watu. Tangu Julai wote walimwuliza habari za tumbo. Muuza mikate alimwuliza huku akimpa mkate mkavu wa bure. Mzee wa duka la magazeti alimwuliza huku akijishika kitambi. Verna alikuwa ameandika kwenye barua kwa mchungaji kwamba huku watu husalimiana kwa tumbo, kama kwetu tunavyosalimiana kwa hali ya hewa.

"Ndiyo salamu yao," alimwelimisha Kinsey. "Unajibu tu, Mungu ni mwema."

"Mimi hawaniulizi," alisema Kinsey.

"Ni heshima ya umri."

Ijumaa ilikuwa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, na Italia nzima ilikuwa imefunga maduka. Ilikuwa pia siku yake ya mwisho kamili. Verna aliamka alfajiri akapiga magoti kwenye sakafu ya vigae. Alimwambia Bwana waziwazi kwamba hali si nzuri. Jumapili ataitwa mbele, bango linang'aa, kinamama wamekonda, na yeye ana nini mkononi? Machozi ya mara moja na wali mweupe. "Nipe neno moja tu kutoka kinywani mwake, Bwana. Leo. Moja tu, hata fupi."

Aliposhuka, Sinyora alikuwa amevaa gauni jeusi la hariri na hereni. Juu ya meza, chini ya kitambaa, kulikuwa na tambi pana za mayai alizokata kwa mkono wake usiku uliopita.

"Unakwenda misa, Sinyora?"

"Leo hata mbwa anakwenda misa."

"Nitakuja nawe."

Sinyora alimtazama kwa mshangao. Kwa wiki zote sita Verna hakuwahi kukanyaga hata moja kati ya makanisa yale kumi na moja, isipokuwa kupiga picha. Aliogopa sanamu kidogo, na aliogopa zaidi kwamba Opal angejua. Lakini wavu hutupwa penye samaki. Kama moyo wa yule bibi ungepasuka, si ungepasukia pale alipozoea kupiga magoti?

"Njoo," alisema Sinyora, na sauti yake ikalegea. "Njoo, mwanangu. Itakusaidia."

Itakusaidia. Verna alilishika neno hilo njia nzima ya kupanda. Aliliona kama mlango ulioachwa wazi.

Kanisa lilijaa mpaka milangoni. Waliketi mstari wa tatu, na Kinsey akabanwa nyuma yao pamoja na mwenyeji wake. Verna alishangaa jinsi alivyofuata. Wiki sita za darasa, pamoja na Biblia aliyoijua kwa moyo, zilimfanya aelewe karibu kila kitu. Alisimama waliposimama. Alimtazama Sinyora kwa pembe ya jicho, akitafuta machozi.

Yakaja maombi ya waamini. Padri Ottorino, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alivaa sauti ya kusoma, na baada ya kila ombi watu wote wakaitikia. Aliwaombea viongozi. Verna alitikisa kichwa: hata yeye hakuwasahau viongozi. Aliwaombea walioko safarini siku hii ya sikukuu. Watu wakaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Verna alipenda jinsi maneno yale yalivyopanda kwa pamoja kama wimbi, akaamua lijalo ataitikia naye, kwa nguvu, ili Sinyora amsikie.

"Tumwombee," alisoma Padri Ottorino, "mgeni wa Ersilia, yule mama wa Amerika, ambaye kwa muda mrefu anateseka na chakula. Bwana amwondolee hofu ya mezani, amtulize tumbo, amrudishe kwao salama na mwenye hamu ya kula."

"EE BWANA, TWAKUOMBA UTUSIKIE!" Verna alipaza sauti, akiwatangulia wote.

Ndipo maana ikamfikia, kama radi inavyochelewa nyuma ya mwanga wake.

Vichwa viligeuka. Havikumcheka, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Vilimtazama kwa huruma. Muuza mikate alifuta jicho. Mama mmoja wa mstari wa nyuma alinyoosha mkono akampapasa Verna mgongoni, polepole, kama anavyopapaswa mtoto aliyetapika. Na Sinyora Ersilia alitikisa kichwa kwa kuridhika, kwa sababu mgonjwa mwenyewe amejiombea kwa imani.

"Kinsey," Verna alinong'ona bila kugeuka. "Amesema nilivyosikia?"

"Ndiyo, Mama Verna." Sauti ya Kinsey ilikuwa ya mtu anayeuma leso. "Wamekuombea tumbo."

Waliposhuka kilima, Sinyora alitembea kwa furaha, mkono kwenye mkono wa Verna, akipokea pongezi kwa wapita njia. Verna alitembea kama gunia. Wali mweupe ulipita mbele ya macho yake, sahani baada ya sahani, safari hii ukiwa na maana yake halisi: chakula cha mgonjwa. Na mkate mkavu wa bure. Na salamu za tumbo. Ee Mungu, barua aliyompelekea mchungaji!

Jikoni alisimama mlangoni, mkoba ungali begani.

"Sinyora, mimi siumwi."

"Hujambo tayari?" Sinyora alikuwa anafunga aproni juu ya hariri. "Padri Ottorino ana nguvu, lakini sikujua kama ni za haraka hivi."

"Sijawahi kuumwa. Chakula chako sikiogopi. Nakipenda."

Sinyora aliweka mikono kiunoni. "Usinidanganye siku ya sikukuu. Kila nikikuletea sahani, unafumba macho. Unanishika mkono unautetemesha. Unamlilia Mungu weee, mpaka sauti inakatika. Kuomba mezani mimi najua: alama ya msalaba, asante Bwana, kula. Mtu anayemwomba Mungu muda wote huo mbele ya sahani, anaiogopa hiyo sahani! Nikamwambia muuza mikate, huyu maskini lazima aliwahi kula kitu kikataka kumuua."

"Nilikuwa nawaombea watu."

"Watu gani?"

"Wagonjwa. Wamisionari. Goti la mpwa wangu."

"Goti!" Sinyora aliketi kitini kwa kishindo. "Tambi zangu zimekufa kwa ajili ya goti?"

"Zimekufa?"

"Mwanangu, tambi hazingoji mtu! Mfalme hazimngoji! Zikitoka kwenye maji zinaliwa, ndiyo maana napiga kelele mpaka koo linauma. Wewe unakuja, unanikamata mkono wa uma, na mimi nabaki kutazama. Zinakauka. Zinashikana. Zinakuwa gundi. Kila siku tangu Julai nimekaa hapa nikiangalia maiti! Jumanne nililia, naapa nililia. Lilikuwa rojo la sungura, nililianza tangu alfajiri, nikajisemea labda rojo zito litamtia hamu."

Basi hayo ndiyo yalikuwa machozi. Verna alishusha mkoba begani. Angeweza kunyamaza hapo, apande juu, afunge sanduku. Lakini alikuwa ameomba alfajiri apewe neno moja kutoka kinywani mwa bibi huyu, na sasa amepewa mengi, yote ya kweli. Ilikuwa zamu yake kutoa la kweli.

"Sinyora, nami nina la kukuambia. Nilikuwa nakuombea wewe pia. Roho yako. Kule kwetu kanisa zima linakuombea uokoke."

Paka wa jirani, yule mtu mzuri, aliinuka dirishani akaondoka.

"Roho yangu," Sinyora alisema taratibu. "Roho yangu ina nini?"

"Haina... Sikujua kama... Niliwaahidi tu." Kiitaliano kilimwishia, na hata kama kisingemwishia, hakuna lugha aliyoijua ambayo jambo hilo lingesikika vizuri. "Kinamama wanafunga kwa ajili yako. Kila Jumatano."

"Wanafunga nini?"

"Kula."

Sinyora aliinuka. Verna alidhani atapigwa kwa mwiko.

"Hawali?" Sasa sauti ilipita kuta zote. "Wanawake wanakaa na njaa kwa ajili yangu? Mimi, Ersilia, ambaye sijawahi kumwacha mtu atoke nyumba hii na njaa? Tangu lini?"

"Tangu Julai."

"Mama wa Mungu! Wengine wazee?"

"Mama Purdy ana themanini na moja."

"Utamuua! Piga simu. Sasa hivi! Roho yangu itangoja, imengoja miaka sabini na tisa. Huyo mama ale!"

Ohio kulikuwa asubuhi. Opal alipokea kwa mlio wa kwanza. "Verna! Ni habari njema?"

Sinyora aliinyakua simu akaielekeza kinywani mwake kama kikombe. "Kuleni!" alinguruma kwa Kiitaliano. "Kuleni, wanangu! Ersilia anasema kuleni!" Akairudisha simu, akavuka mikono, akasimama palepale kusimamia.

"Ni yeye huyo?" Opal alikuwa anahema. "Ni sauti ya nguvu jamani! Ananena kwa lugha? Anasemaje?"

"Anasema mle."

"Tule nini? Neno?"

"Chakula, Opal. Amejua mnafunga, amekasirika. Hasa kwa Mama Purdy."

"Ameokoka, Verna?"

Hapo palikuwa na nafasi. Verna aliiona wazi, pana ya kutosha mtu kupita na sanduku lake. Angeweza kusema, mwanamke mliyekonda kwa ajili yake sasa anataka mle, si huo ni moyo mpya? Ukumbi ungepiga makofi. Mama Purdy angeongeza rangi.

"Sikumwokoa, dada," alisema. "Kilichokuwa kinamliza ni tambi zake. Maombi yangu yalikuwa yanazipoza. Na mji mzima ulidhani naumwa tumbo, leo wameniombea kanisani. Padri amenitaja mbele ya watu wote. Nami nikaitikia."

"Uliitikia?"

"Kwa sauti kuliko wote."

Simu ikatoa sauti kama ya birika linaloanza kuchemka. Opal alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa. "Ee Yesu," alisema hatimaye. "Ee Yesu wangu. Na bango je?"

"Liacheni. Nitasimama. Nitayasema haya haya."

"Mbele ya mchungaji?"

"Mbele ya mchungaji. Yeye nilimwandikia kuhusu salamu za tumbo, ana haki ya kujua."

"Basi," alisema Opal, na Verna alisikia mlango wa friji ukifunguka kule Ohio, "mwambie mama huyo nakula yai. Mwambie nakula mawili."

Verna alitafsiri. Sinyora alitikisa kichwa kama jemadari aliyepokea habari za ushindi. Kisha akageuka kwenye jiko, ambako sufuria kubwa ilikuwa imeanza kutokota.

"Njoo hapa," alisema. "Usikae mezani. Hapa, karibu na sufuria. Wewe una maombi mengi, mimi nina tambi. Hatujakosana na Mungu, tumekosana na saa. Utaomba zikiwa ndani ya maji. Zikitoka, kwisha."

Verna alimtazama bibi yule, kisha sufuria. Kwa miaka minane alikuwa amejifunza mambo mengi jioni, lakini hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia kwamba kuna wakati wa kuomba ambao hauchukui chochote kwa mtu.

"Nina muda gani?"

"Zile za kukauka ningekupa dakika kumi na moja. Lakini leo sikukuu, ni za mayai." Sinyora aliinua vidole. "Tatu. Uchague watu."

"Tatu! Wamisionari peke yao—"

"Uchague!"

Chumvi ikaingia, tambi zikafuata, mvuke ukapanda ukaifunika miwani ya Verna. Alinyoosha mkono kwa mazoea kuutafuta mkono wa kulia wa Sinyora. Sinyora akampa wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na kazi, ulishika mwiko.

Verna alifumba macho. Alishukuru kwa chakula, na safari hii alikuwa anakinusa anachokishukuru: nyanya, nyama, jibini, vyote vilivyotoka uhamishoni. Alimshukuru Mungu kwa muuza mikate na mkate wake mkavu. Alimwombea Kinsey na moyo wake. Alimwombea Mama Purdy apate kifungua kinywa kizuri. Alipofika kwa mwenye nyumba hii hakusema afunguliwe nini wala atolewe nini. Alisema tu, "Na Ersilia, Bwana, unamjua. Asante kwa ajili yake." Aliyasema kwa Kiitaliano, na mkono aliokuwa ameushika ukabana kidogo, ukalegea. Pembeni yake alisikia midomo ya Sinyora ikitembea, haraka haraka, Salamu Maria ikifuatwa na nyingine, na katikati kukatika kidogo, mlio wa mtu anayeonja tambi.

Wagonjwa aliwaombea kwa jumla. Serikali aliiruka. Alikuwa ndiyo kwanza anaingia kwenye goti la Dewey, anavuta pumzi ya kulieleza, wakati mwiko ulipogonga ukingo wa sufuria.

"Amina!" alisema Sinyora kwa sauti ya kupita ukuta, na chujio likawa mkononi mwake tayari. "Amina, Verna! Mezani!"

"Amina," alisema Verna, akakimbia kuketi.

Zilikuja zinafuka. Aliungua ulimi kwa mara ya kwanza tangu afike Italia, machozi yakamtoka, na Sinyora, uma ukiwa hewani, alimtazama kwa makini akila mpaka akaridhika kwamba hakuna haja tena ya padri. Goti la Dewey lilibaki kwa Mungu hivyo hivyo, bila maelezo.